Dokta Khairiya na Watoto Kenda

Khairiya Salim alikuwa na shingo ngumu tangu utotoni, na wanaomsifu kwa hilo leo ni wale wale waliokuwa wakimlaani. Kule Kuze, Mombasa, aliwahi kurudishwa nyumbani kutoka madrasa kwa kumwambia maalim kwamba amemchapa mtoto asiye na kosa. Alikaa siku mbili, akarudi, akalisema neno lile lile tena mbele ya wenzake. Wiki ile mama yake alipita mtaani kajifunika buibui uso mzima kwa haya. Kwa hiyo alipoolewa na Shuaib mwaka 1991 na kumfuata Texas, mashangazi walimwaga machozi ya kumuaga, lakini mioyoni walishukuru.

Shuaib aliendesha lori la mizigo kati ya Dallas na Houston. Walipanga apatimenti Lewisville, kando ya Dallas, na Khairiya akapata kazi katika nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi: kuwaosha, kuwalisha uji wao usio na sukari, kuwageuza wasipate vidonda. Huko ndiko saikolojia ilikomkamata, wala si kitabuni. Kila baada ya miezi michache alikuja kijana mmoja mwenye tai na mkoba, akakaa na mzee dakika ishirini, akamwuliza maswali, akaandika. Baada ya hapo mzee yule huhamishiwa upande ule wa jengo ambao milango yake hufungwa kwa nje.

Khairiya aliwajua wale wazee hadi kucha za miguu. Alikuwapo bibi mmoja aliyekulia mashambani, ambaye kila asubuhi alimsimulia habari za ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja, kwa majina na tabia zao. Kijana mwenye tai alimwuliza bibi huyo jina la rais wa nchi. Bibi akamtazama tu. Kijana akaandika.

"Huyu hajasahau kitu," Khairiya alimwambia. "Amekukasirikia, basi."

Kijana akamwuliza kwa upole kama ana shahada yoyote. Ule upole ndio uliomchoma. Muhula uliofuata Khairiya alikuwa amekwisha jiandikisha chuoni.

Katikati ya hayo, mwaka 1993, alijifungua mtoto wa kiume. Walimwita Faraj. Aliishi siku kumi na moja. Shuaib na wanaume watatu wa msikitini walikwenda kumzika, wakarudi na udongo viatuni, na tangu siku hiyo jina lile halikutajwa tena ndani ya nyumba. Mama yake alimwambia kwenye simu, "Subiri, mwanangu, Mungu atakupa mwingine." Kweli, mwaka 1995 akazaliwa Hadiya. Kila fomu iliyomwuliza Khairiya ana watoto wangapi, na Marekani ni nchi ya fomu, aliandika mmoja. Aliandika upesi na kugeuza ukurasa.

Alisoma kwa miaka mingi kuliko alivyotarajia mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwamo. Alisoma huku akiosha wazee, huku akinyonyesha, huku akikorofishana na walimu waliomshauri achague masomo mepesi kwa sababu Kiingereza si lugha yake. "Hata saikolojia si lugha yenu," alimjibu mmoja wao, "mbona mnaifundisha?" Akapata shahada ya kwanza, akapata ya pili, na mwaka 1998 akakubaliwa kusomea udaktari wa saikolojia katika chuo kimoja cha Dallas, chini ya Profesa Harlan Pruitt.

Tumtendee haki Pruitt: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetunga jaribio. Jaribio hilo la kupima kumbukumbu za wazee lilikuwa na maswali thelathini, lilitumika katika kliniki nyingi, na yeye alilipenda jinsi wengine wanavyopenda farasi. Sehemu ya kwanza ilimwuliza mzee habari za maisha yake: alizaliwa wapi, ana watoto wangapi, majina yao. Majibu yalilinganishwa na faili, na jibu lisilooana na faili lilikuwa kosa. Pruitt alifurahi kumpata mwanafunzi wa kulitafsiri jaribio lake kwa Kiswahili na kulijaribu kwa wazee wahamiaji. Hiyo ndiyo ikawa tasnifu ya Khairiya. Wazee sitini walihitajika. Kwa miaka mitano Pruitt alimwita Kari, kwa sababu jina lenyewe lilimshinda, na Khairiya, kwa mara ya kwanza maishani, alinyamaza. Udaktari aliutaka kuliko jina.

Mwaka 2003 alikuwa amekwisha pima wazee hamsini na wawili. Wa hamsini na tatu alikuwa Mama Généreuse.

Mama Généreuse alitoka Uvira, akapitia kambi ya wakimbizi Tanzania, akaletwa Lewisville pamoja na wajukuu zake wawili, Zoé wa miaka tisa na Fortunée wa miaka sita. Mama yao alifia kambini. Kosa la bibi huyu lilikuwa maharage. Alichoka kuyachemsha kwenye jiko la umeme, yasiive kama anavyotaka, akanunua makaa, akayawasha kwenye sufuria kuukuu na kupika barazani, ghorofa ya pili. Jirani akaona moshi, wazimamoto wakaja na gari refu, na nyuma ya wazimamoto wakaja watu wa ustawi wa watoto. Walitaka kujua kama bibi huyu ana akili timamu za kulea. Walimpeleka kliniki ya chuo kupimwa, na kliniki ikampa Khairiya kazi hiyo, maana nani mwingine angezungumza naye?

Alikaa wima kwenye kiti, kavaa kitenge cha kutokea, mkoba mapajani. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha Khairiya akasoma lililofuata.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Kenda."

Faili ilisema wanne.

Majina aliyataja bila kusita, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake: Zéphyrin, Rosette, Dady, Noëlla, na kuendelea hadi wa tisa. Faili ilikuwa na Zéphyrin, Dady, Florent na Josué, basi.

Khairiya alijua papo hapo. Mwanamke gani aliyelelewa upande wetu wa dunia asingejua? Lakini hakuuliza. Kwao Kuze watoto wa mtu hawahesabiwi mbele yake. Mama yake mwenyewe akiulizwa ana wangapi, hujibu, "Wapo, alhamdulillahi," na mwulizaji mwenye adabu huishia hapo. Na marehemu wa mtu mzima haguswi mpaka mwenyewe akufungulie mlango. Tena kitabu cha Pruitt nacho kilikataza kuongeza swali lolote lisiloandikwa. Mafunzo ya Mombasa na mafunzo ya Dallas hayakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, ila siku hiyo yalikubaliana kumfunga mdomo. Alisema, "Mashallah," akainamisha macho, akaandika tisa, akaenda swali linalofuata. Mwisho alitia saini.

Ripoti ya Pruitt ilitoka baada ya wiki moja. Khairiya aliisoma amesimama kando ya mashine ya kunakili. Ilisema kwamba mteja anataja watoto ambao hawajawahi kuwepo, kwamba kumbukumbu yake imeharibika, na kwamba haifai aachiwe malezi ya watoto wadogo. Kesi ilikuwa imepangwa baada ya siku kumi na mbili. Chini ya ripoti palikuwa na jina la Pruitt, na chini yake, kama mpimaji, jina lake yeye.

Alimkuta profesa ofisini akila tufaha.

"Hao watoto walikuwepo," Khairiya alisema. "Wamekufa."

"Alikwambia hivyo?"

"Hakuniambia. Sikumwuliza."

"Basi hujui." Pruitt aliweka tufaha chini. "Kari, sikiliza. Jaribio hili limepimwa kwa maelfu ya watu. Hatuwezi kulibadilisha kila mpimaji anapomwonea mtu huruma."

"Si huruma. Ni kosa, na nimelifanya mimi. Nataka kuiondoa saini yangu."

"Ukiiondoa kwa huyu, utaiacha vipi kwa wale hamsini na wawili? Sehemu ya kwanza ni ile ile." Alisema polepole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake shimo njiani. "Hutakuwa na tasnifu. Na mimi sitasimamia utafiti unaosema jaribio langu halifai. Rudi nyumbani, ukalale, na ufikirie miaka mitano uliyotumia hapa."

Alirudi nyumbani, lakini hakulala. Alipekua karatasi za wale hamsini na wawili. Wanawake kumi na saba walikuwa wametaja idadi isiyooana na faili, na kila mara idadi ilizidi. Haikupungua hata mara moja. Wote kumi na saba yeye aliwaambia mashallah, akainamisha macho na kuwaandikia kosa. Alisikia haya ikimpanda kutoka miguuni. Adabu gani hii inayompokonya mtu wajukuu?

"Nitakwenda kumwuliza," alimwambia Shuaib.

"Si wamekukataza kumwendea mteja nyumbani?"

"Wamekataza."

"Miaka mitano, Khairiya! Mitano! Waitupa kwa ajili ya mtu uliyemjua juzi?"

"Siitupi. Watanipokonya. Hayo ni mambo mawili."

Shuaib alimjua mkewe. Alijikuna ndevu. "Haya," alisema mwishowe. "Kesho sina safari. Nita-drive mimi, wewe ukishika usukani na hasira hizo utaua mtu."

Mama Généreuse aliwapokea kwa soda na karanga. Shuaib alibaki sebuleni na wajukuu, na Khairiya akaketi jikoni mbele ya bibi.

"Mama, naomba radhi kabla ya kusema," alianza. "Nina swali la ukosefu wa adabu."

"Uliza, mutoto wangu."

"Wale watoto kenda. Ni wangapi walio hai?"

Bibi hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyengoja swali hilo siku nyingi na kushangaa linavyochelewa.

"Bane beko bazima. Batano balikufa. Ku kambi baliandika tu bale bane, juu ya kugawa unga." Alifuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Na wewe ku kliniki uliniuliza niko na batoto bangapi. Haukuuliza ngapi banakulaka. Ningehesabu tu benye banakulaka? Rosette nilimuzala siku mbili nzima. Kufa kulimutoa ku dunia, hakukumutoa kwangu."

Zoé alikuwa ameingia kuchukua soda. Alisimama mlangoni, akaanza kuyataja yale majina kwa sauti ya mtoto anayesoma sala: Zéphyrin, Rosette, Dady, Noëlla. Alipofika wa tisa alieleza kwa Kiingereza kwamba huyataja kila Jumapili kabla ya kula, na kwamba Fortunée bado humruka Florent. Kutoka sebuleni Fortunée alipiga kelele kwamba ni uongo.

Khairiya alitaka kuandika, akashindwa. Alilia pale pale mezani pa watu, kilio cha kwikwi kisicho na adabu hata kidogo, na bibi hakumwuliza analilia nini. Alimwuliza kitu kingine.

"Na wewe uko na bangapi?"

Ulimi wake ulikwenda kwenye neno alilolizoea. "Mmoja," alisema. Mama Généreuse alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akamsogezea karanga.

Siku ya kesi Pruitt alikuwepo, na tai yake ya buluu, ameitwa kuieleza ripoti. Aliieleza vizuri. Kisha wakili aliyepewa Mama Généreuse akamwita Khairiya, ambaye alikuwa amemwandikia barua ya kurasa tatu. Alipoapishwa, karani alisoma jina lake vibaya. Khairiya akamsimamisha, akalitamka mwenyewe, silabi moja moja, mpaka karani akalipata. Alifanya hivyo akimtazama Pruitt.

Alieleza yote. Hakumlaumu profesa wake wala hakujificha nyuma ya kitabu. Alisema kwamba jibu lilikuwa sahihi na swali ndilo lililokuwa pungufu, na kwamba yeye aliujua upungufu huo akanyamaza.

"Kwa hiyo unakiri hukuifanya kazi yako ipasavyo?" aliuliza wakili wa upande wa pili.

"Niliifanya kama nilivyofundishwa," Khairiya alijibu. "Nakiri kwamba niliyofundishwa hayatoshi."

"Na ulimtembelea mteja kinyume cha kanuni za kliniki yako?"

"Ndiyo. Na ningerudi kesho."

Palipita minong'ono. Jaji, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimwuliza anachotaka mahakama ifanye. Khairiya alisema, "Mwulize nilichoogopa kumwuliza." Jaji akauliza. Mama Généreuse akasimama, akataja watoto wake wote kenda, na kwa wale watano akataja mwezi, mwaka, mahali na kilichowaua. Khairiya ndiye aliyetafsiri. Kwa mtoto wa tatu kati ya wale watano jaji aliacha kuandika, akasikiliza tu. Wajukuu walibaki kwa bibi yao, kwa sharti moja: makaa yasiwashwe tena barazani. Sharti hilo bibi alilikubali kwa shingo upande.

Khairiya naye alimwaga unga wake, kama alivyojua. Siku tatu hazikupita kabla ya barua kufika. Alikuwa amevunja kanuni, kliniki haimhitaji, na Profesa Pruitt hawezi tena kumsimamia. Alibeba miaka mitano ndani ya katoni moja ya ndizi. Shuaib alipomwona akiishusha garini alijua hapana haja ya pole.

"Uta-apply upya," alisema.

"Tena leo," alisema Khairiya.

Vyuo vitatu vilimkataa. Cha nne, Houston, kilimwita. Profesa mmoja mzee, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mvutaji wa sigara, alimwuliza kwa nini aliondoka Dallas. Wenzake walikuwa wamemshauri atafute jibu tamu. Khairiya akalitoa lile chungu, lote, pamoja na wale wanawake kumi na saba.

"Utanisumbua hivyo hivyo na mimi?" yule mama aliuliza.

"Ukikosea, ndiyo."

Alikubaliwa. Walihamia Missouri City, kitongoji cha Houston, Shuaib akaigeuza ratiba ya lori lake, Hadiya akanuna miezi sita kwa kuachishwa marafiki. Tasnifu ya pili ilieleza jinsi majaribio ya kumbukumbu yanavyowakosea wazee waliopitia vita na msiba, na ilianza kwa sentensi ambayo msimamizi wake alimwomba aifute mara mbili: "Kosa la kwanza katika utafiti huu ni langu." Hakuifuta. Mwaka 2006 akawa daktari, na miaka miwili baadaye chuo hicho hicho kikamwajiri afundishe. Darasani kwake, mwanafunzi aliyepima mzee bila kumwuliza ni nani amewazika alirudishwa akaanze upya. Walimnung'unikia sana. Hakujali.

Muhula wake wa kwanza kazini, ofisi ya habari ya chuo ilimtuma binti mmoja kuandika maelezo mafupi ya walimu wapya kwa ajili ya gazeti la chuo. Alikuwa binti mchangamfu, ana kompyuta mapajani, na mengi alikwisha yajaza kutoka kwenye faili ya ajira. Alimsomea: mzaliwa wa Mombasa, mtaalamu wa kumbukumbu za wazee, ameolewa, mama wa mtoto mmoja.

"Wawili," alisema Khairiya.

Lilimtoka bila kupiga hodi. Binti alirudi kwenye faili, akakunja uso.

"Hapa pameandikwa mmoja, Dokta."

"Niliandika mimi. Nilikosea."

"Samahani. Hadiya, darasa la saba. Na wa pili anaitwa nani?"

"Ndiye wa kwanza. Anaitwa Faraj." Miaka kumi na mitano jina hilo halikupita midomoni mwake. Lilikuwa jepesi kuliko alivyoogopa. "Aliishi siku kumi na moja."

Binti alishika mdomo. Alisema pole, akasema hakujua, kisha, kwa upole ule ule ambao Khairiya aliujua tangu nyumba ya wazee, akauliza kama gazetini si afadhali waache mmoja, wasomaji wasije wakachanganyikiwa.

Khairiya alivua miwani, akaiweka mezani.

"Umeniuliza nina watoto wangapi," alisema. "Hukuniuliza ni wangapi wanaokula. Andika wawili."

Gazeti lilitoka Ijumaa. Lilisema wawili. Alinunua bahasha mbili, moja akaipeleka Lewisville kwa Mama Généreuse, ya pili Kuze kwa mama yake, na nakala ya tatu akaiacha juu ya meza ya kulia chakula, mahali ambapo Shuaib huweka funguo za lori akirudi.